Mkono wa Santuri kwa Joto la Mwaya

Mkono wa mashine ya santuri hupewa kazi mbili zinazokinzana. Kwanza, uiachie sindano ifuate mfuo unaoingia polepole kuelekea katikati ya santuri, bila kuikawiza wala kuisukuma. Pili, uishike katriji, kijisanduku kinachobeba sindano, imara kiasi kwamba kinachotikisika ni sindano peke yake, kwa maana katriji hupima tofauti kati ya mwendo wa sindano na utulivu wa mwili wake. Mwili ukitikisika pamoja na sindano, sehemu ya muziki hupotea kabla haijageuka umeme. Mikono yote mizuri imebuniwa ili kuzipatanisha kazi hizo mbili, na hakuna hata mmoja unaozipatanisha kwa kila katriji, kila santuri na kila hali ya hewa.

Hali ya hewa haitajwi sana katika maelezo ya watengenezaji, ambao wengi wako Ulaya na Japani. Kwa msikilizaji wa Mwaya ni jambo la kwanza. Bandari hii ya zamani ya Kyela, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, iko bondeni, takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali Tukuyu, jirani yake, iko juu milimani penye baridi. Kyela ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania. Joto na unyevu huo ndivyo vinavyostawisha mpunga na kakao. Ndani ya nyumba ya bati, mchana wa Novemba, joto la chumba hupita nyuzi 30 bila shida. Mwenye mashine ya hali ya juu anayetaka kuibadilishia mkono hana budi kuanza hapo, kabla hajaangalia bei.

Ndani ya katriji, kijiti cha sindano hushikiliwa na kipande kidogo cha mpira. Mpira huo ni springi, na mkono pamoja na katriji ndio mzigo wake. Kila springi yenye mzigo ina mtetemo wake wa asili: ukiigusa, hupanda na kushuka kwa kasi ileile. Mtetemo huo ukiingia kwenye eneo la muziki, kuanzia hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) kwenda juu, besi huvimba. Ukishuka mno, hukutana na mawimbi ya santuri zilizopinda, ambayo mengi yako chini ya hezi 6, na mkono huanza kurukaruka. Kwa hiyo mafundi hulenga kati ya hezi 8 na 12.

Hesabu yake ni fupi. Chukua uzito tendaji wa mkono, yaani uzito unaohisiwa na sindano, si ule unaosomeka mkono ukiwekwa kwenye mizani. Ongeza uzito wa katriji na skrubu zake. Zidisha kwa ulaini wa mpira, ambao hupimwa kwa maikromita kwa kila milinewtoni. Tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya 159 kwa jibu hilo. Katriji ya Ortofon 2M Red, kwa mfano, ina gramu 7.2 na ulaini wa 20. Ikifungwa kwenye mkono wenye uzito tendaji wa gramu 12, pamoja na skrubu za gramu 0.8, jumla ni gramu 20 na jibu ni karibu hezi 8. Inafaa, ingawa iko mpakani.

Sasa liingie joto. Mpira hulainika kadiri unavyopata joto, na vipimo vya kiwandani huchukuliwa katika chumba cha nyuzi 20 na ushei. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika chumba cha Mwaya ulaini umepanda kutoka 20 hadi 25. Mkono uleule wa gramu 12 unashuka hadi hezi 7.1. Mkono mzito wa gramu 20, wa aina inayosifiwa kwa uimara, unaangukia hezi 6, mlangoni kabisa mwa santuri zilizopinda. Na santuri zilizopinda hazikosekani huku, kwa kuwa sahani iliyosafiri kwenye buti la gari au iliyohifadhiwa karibu na bati haibaki bapa. Mkono ambao London ungekuwa mzito kidogo tu, hapa unakuwa kosa.

Katriji yenye mpira mgumu hubadilisha picha. Denon DL-103, iliyobuniwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na NHK, shirika la utangazaji la Japani, ina uzito wa gramu 8.5 na karatasi yake ya vipimo inataja ulaini wa 5. Namba hiyo huwapotosha wengi. Wajapani hupima ulaini kwa hezi 100, Ulaya hupima kwa hezi 10, na kwa kipimo cha Ulaya 5 hiyo hukaribia kuwa mara mbili. Kwenye mkono wa gramu 12 inatoa takribani hezi 11, na joto likiilainisha inashuka kuelekea 10, katikati ya eneo linalotakiwa. Anayesoma 5 bila kujua imepimwaje huambiwa atafute mkono mzito sana, au auongezee vipande vya risasi. Msikilizaji wa Mwaya hahitaji hata kimoja. Dosari ya DL-103 ni nyingine: sindano yake haichomolewi nyumbani. Ikichakaa, katriji nzima inasafiri au inabadilishwa, na safari kutoka Kyela ni ndefu.

Baadhi ya mikono, ya kampuni ya SME ikiwamo, huweza kuwekewa kihori kidogo cha mafuta mazito ya silikoni ili kuutuliza mtetemo. Ni njia nzuri ya kifizikia. Lakini ziwani hapa kuna kungu, wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa makundi yanayoonekana kwa mbali kama moshi, na usiku hufuata taa. Kihori kilicho wazi karibu na taa ya chumbani kitawanasa, na mafuta yenye mabaki ya wadudu hayasukumwi kwa wepesi uleule pande zote. Ni afadhali kuupata mtetemo sahihi kwa kuchagua uzito kuliko kuutibu baadaye kwa mafuta.

Baada ya hewa, santuri zenyewe. Magazeti ya sauti ya Ulaya huchukulia kwamba msikilizaji ana santuri ndefu za inchi 12, za mzunguko wa 33 na theluthi kwa dakika. Hazina ya Afrika Mashariki haiko hivyo. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, nyimbo zake zilitoka kwenye santuri za shelaki za mzunguko wa 78. Muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970, kuanzia Morogoro Jazz hadi Super Volcano ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, ulifika majumbani zaidi kwa santuri za inchi 7 za mzunguko wa 45, nyingi zikiwa zimetengenezwa Nairobi. Santuri ndefu zipo, zikiwamo zile za mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliyerekodi Tanganyika mwaka 1950, lakini si wengi wanaozimiliki.

Hapa ndipo jiometri ya mkono inapopata uzito ambao vitabu vya mwongozo haviupi. Mashine iliyokata mifuo ya santuri mama, ile inayonakiliwa, ilisogeza kichwa chake kwenye reli iliyonyooka. Mkono wa kawaida huzunguka kwenye mhimili na kuchora upinde. Kwa hiyo sindano huelekea sawasawa na mfuo katika sehemu mbili tu. Kwingineko hukaa upande kidogo, na upande huo husikika kama ukwaruzi, hasa kwenye tarumbeta na gitaa la juu. Mwaka 1938 Erik Löfgren wa Sweden alikokotoa jinsi ya kuligawa kosa hilo ili lisizidi kiwango fulani popote, na mwaka 1941 H. G. Baerwald akafikia jibu lilelile. Kwa santuri ndefu, sehemu hizo mbili zisizo na kosa huwekwa milimita 66 na milimita 120.9 kutoka katikati. Vipimo vingi vya karatasi vinavyouzwa na mikono ya bei kubwa hufuata hesabu hiyo.

Iweke sasa santuri ya inchi 7. Muziki wake huanza karibu milimita 84 kutoka katikati na huweza kuishia milimita 54. Katika hesabu ya Löfgren, kilele cha ukwaruzi kilicho kati ya sehemu mbili safi kiko milimita 85. Wimbo unaanzia kileleni, unapita sehemu safi kwenye 66, halafu unaendelea hadi 54, ndani ya eneo ambalo hesabu hiyo haikuliwekea mpaka kabisa, kwa kuwa santuri ndefu huishia milimita 60 hivi. Zaidi ya hapo, wimbo wa dansi mara nyingi uligawanywa: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B. Chemko, pale gitaa zinapoharakisha na tarumbeta kujibizana, huwa mwishoni, ndani kabisa ya mfuo. Sehemu ambayo watu waliinukia kucheza ndiyo inayosomwa vibaya zaidi.

Mzunguko wa 45 husaidia, na haki yake ielezwe. Kwenye milimita 54 mfuo hupita chini ya sindano kwa milimita 254 kwa sekunde, wakati mwisho wa santuri ndefu hupita kwa milimita 211 tu, na mfuo unaokwenda kasi husamehe kosa la pembe. Lakini santuri za mitaani zimepigwa kwa sindano chakavu miaka mingi, na mfuo uliolika hausamehi tena. Kila kosa linaloweza kuondolewa linafaa kuondolewa.

Hesabu nyingine, ya Stevenson ya mwaka 1966, huweka sehemu safi ya ndani milimita 60.3, ikipendelea mwisho wa santuri kuliko mwanzo. Watengenezaji wa Japani waliipenda njia hiyo. Mkono wa Technics SL-1200, mashine iliyotoka mwaka 1972, una mwelekeo huohuo: maelezo ya toleo la Mk2 yanataja kosa la digrii 2 na dakika 32 ukingoni mwa santuri ya inchi 12, na dakika 32 tu kwenye mfuo wa ndani. Uzito tendaji wake ni gramu 12. Kichwa chake huchomolewa. Wapo wanaoung'oa kwanza wanapotaka kuiboresha mashine hiyo, na kwa rafu iliyojaa santuri za 45 huenda wakapoteza zaidi ya wanachopata.

Kichwa kinachochomolewa hudharauliwa na wapenda uimara, kwa sababu kiungo ni mahali ambapo mtikisiko unaweza kuvuja. Hoja yao ni ya kweli. Mwaka 1983 Rega ya Uingereza ilitoa RB300, mkono uliomiminwa kipande kimoja na kichwa chake, na ulishinda mikono mingi ya bei kubwa zaidi. Mwenye santuri ndefu pekee atafanya vizuri kuununua wa aina hiyo. Lakini kwa hazina ya hapa kiungo hicho ni faida kubwa kuliko hasara yake. Sindano ya santuri ndefu ina ncha ya maikromita 18 hivi. Santuri ya 78 inahitaji karibu 70, la sivyo sindano huzama na kukwaruza sakafu ya mfuo. Kwa vichwa vitatu, kazi hukaa mahali pake: kimoja chenye sindano pana ya Siti binti Saad, kimoja kilichopangwa kwa santuri ndefu, na kimoja ambacho nafasi na pembe ya katriji vimepangwa kati ya milimita 54 na 84 kwa ajili ya dansi. Jiwe la mizani la nyuma hurekebishwa kila kichwa kinapobadilishwa. Katriji ziwe za aina ambayo sindano yake huchomolewa kwa vidole, kwa kuwa sindano mpya inatumwa kwa basi kwenye bahasha.

Mikono ya inchi 12 hupunguza kosa la pembe, ila urefu huongeza uzito tendaji, na joto tayari limeshausukuma mtetemo chini. Ile inayotembea kwenye reli haina kosa la pembe kwa nadharia. Baadhi huelea kwa pampu ya hewa, na umeme ukikatika katikati ya wimbo mkono hukwama. Haifai mahali ambapo fundi wake hayupo.

Unaobaki ni mkono wa inchi 9, wa gramu 9 hadi 12, wenye kichwa cha kuchomoa. Soko lake limepungua: SME iliacha kuuza mikono peke yake mwishoni mwa mwaka 2019, na Jelco ya Japani, iliyotengeneza mikono hiyo kwa miaka mingi, ilifungwa mwaka 2020. Wengi watanunua iliyotumika, na hapo unyevu unarudi, kwa sababu beringi ndogo za chuma hushika kutu bila kuonekana. Jaribio halihitaji kifaa. Mkono usawazishwe mpaka uelee, kizuia mvuto wa ndani (kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati) kikiwa sifuri, kisha usukumwe kwa pumzi juu na chini, kulia na kushoto. Mzima hupungua mwendo taratibu na kusimama mahali tofauti kila mara. Unaosimama ghafla mahali palepale una kutu au kovu kwenye beringi. Kisha ushikwe karibu na mhimili na kutikiswa kidogo; beringi iliyolegea huhisiwa vidoleni. Mikono ya zamani ya SME inayokaa juu ya makali kama ya kisu huinuka kidogo kwa asili yake, na hiyo si kasoro. Baada ya kufungwa, mkono ufunikwe kila usiku, hasa masika.