Kizimkazi Dimbani: Jiwe la Mwaka 500 Hijria na Kumbukumbu za Wenyeji

Mtu akitoka mjini Unguja akashika njia ya kusini, baada ya zaidi ya kilomita 50 hufika Kizimkazi, katika ncha ya kisiwa inayotazama Ghuba ya Menai. Kizimkazi ni mbili. Mkunguni ndiyo kubwa, na Kizimkazi ndiko kwao Rais Samia Suluhu Hassan, aliyezaliwa mwaka 1960. Dimbani ni ndogo, imekaa karibu na hori ambamo ngarawa na mashua hupumzika maji yakipwa. Hapo Dimbani, kando ya njia, upo msikiti wenye kuta za chokaa na paa la bati. Asiyeambiwa atapita bila ya kugeuza shingo. Wageni wengi wanaofika huko siku hizi wanakwenda kutazama pomboo, na wengine hurudi mjini bila ya kujua kwamba wamepita penye maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika kisiwa cha Unguja.

Sisi tuliotawanyika Maskati, Dubai, London na kwengineko tumezoea kuanza historia yetu Mji Mkongwe: majumba, forodha, mashamba ya mikarafuu, na zama za Seyyid Said. Hayo ni ya kweli, lakini ni katikati ya hadithi. Kijiji kama Dimbani kinatulazimisha kurudi nyuma zaidi, na kinatufundisha pia kwamba historia ina hazina mbili, jiwe na kumbukumbu, na kwamba kila moja imehifadhi kile ambacho nyingine imekiacha.

Jiwe linasema nini

Ndani ya msikiti, katika ukuta wa kibla, kushoto mwa mihrabu, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa juu ya jiwe la matumbawe. Kikufi ni khati ya zamani isiyokuwa na nukta, na herufi zake hapa zimepambwa kwa vikonyo na majani, hata mtu aliyehitimu msahafu anaweza kusimama mbele yake asiweze kuyasoma. Mwanachuoni Samuel Flury aliyachunguza na kuchapisha utafiti wake mwaka 1922 katika jarida la Royal Asiatic Society. Yanaeleza kwamba aliyeamrisha kujengwa msikiti ni Sheikh as-Sayyid Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, katika mwezi wa Dhul Qaada, mwaka 500 Hijria. Kwa hesabu ya Miladia ni kiangazi cha Ghuba cha mwaka 1107, yaani baina ya Juni na Julai.

Tarehe hiyo inafaa kutazamwa kwa jicho la baharia. Juni na Julai ni wakati wa kusi kali, ambapo bahari imechafuka na safari za mbali hazianzwi. Majahazi ya kutoka Arabuni na Ghuba yalikuja na kaskazi, baina ya Disemba na Machi, na yaliyotaka kurudi mapema yaliondoka kusi inapoanza. Tarehe peke yake haituambii Sheikh Musa alikuwa wa asili gani, lakini inaonyesha kwamba kazi hii ilikamilishwa na watu waliokuwa wamekaa hapa msimu wa pepo ulipokwisha wapita. Wasafiri wa kuuza na kuondoka hawangekuwa na haja ya kusimamisha mihrabu wakati huo.

Wataalamu wameufananisha mtindo wa maandishi hayo na ule wa mawe ya Siraf, bandari ya zamani ya upande wa Uajemi wa Ghuba. Lakini lililochongwa ni tumbawe la pwani yetu. Tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi huwa laini, hukatika na kuchongwa kwa urahisi, kisha likikauka huwa gumu. Fundi anayelijua jambo hilo ni mtu aliyeizoea bahari hii. Basi katika jiwe moja mna khati inayofahamika Ghuba na ufundi wa mwambao. Anayetaka kuitenga Kizimkazi na Ghuba, jiwe linamkatalia. Na anayetaka kusema kila kitu kililetwa na jahazi, jiwe linamkatalia vilevile.

Kulia mwa mihrabu pana maandishi mengine, ya mwaka 1184 Hijria, sawa na 1770 Miladia, yanayohusu kujengwa upya kwa msikiti. Sehemu kubwa ya jengo tunaloliona leo ni ya ukarabati huo, na mawe ya kale yakahifadhiwa humo. Mwaka 1770 Seyyid Said bin Sultan alikuwa hajazaliwa. Mazao ya karafuu yaliyoutajirisha mji yalikuwa bado. Hata hivyo watu wa kijiji hiki walikuwa na uwezo, na walikuwa na hamu, ya kuusimamisha tena msikiti uliokwisha kuwa na zaidi ya miaka 650.

Hapa pana haja ya kusahihisha jambo moja. Mara nyingi huandikwa kuwa huu ndio msikiti wa kale kuliko yote Afrika Mashariki. Sivyo. Uchimbaji wa Mark Horton katika miaka ya 1980 huko Shanga, kisiwani Pate, ulionyesha misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwengine tangu karne ya 8. Fahari ya Kizimkazi ni nyengine: misikiti ya Shanga ni magofu, na huu wa Dimbani bado unaadhiniwa.

Kumbukumbu inasema nini

Jiwe limemtaja aliyeamrisha. Halikumtaja aliyejenga. Kazi hiyo imefanywa na hadithi ya wenyeji. Husimuliwa kwamba mfalme wa hapo aliitwa Kizi, na fundi wake aliitwa Kazi. Msikiti ulipokwisha na kuonekana uzuri wake, mfalme akaamrisha fundi akatwe mkono ili asijenge mwengine mfano wake. Baadaye maadui wakauvamia mji. Kizi akaomba dua, nyuki wakatoka wakawafukuza. Waliporudi mara ya pili, mfalme akakimbilia kwenye mwamba wa pwani, mwamba ukafunguka, akaingia, ukajifunga. Kutokana na majina mawili hayo, wanasema, ndipo lilipopatikana jina la mji.

Mwanahistoria hatachukua hadithi hii kuwa ni ushahidi wa tarehe wala wa jina. Lakini itakuwa kosa kuitupa. Kizazi baada ya kizazi, watu wa kijiji wamekataa kumsahau mtu aliyeshika patasi, wakamweka katika jina la mji wao sawa na mfalme, na wakakumbuka kwamba malipo yake yalikuwa dhuluma.

Nje ya msikiti yapo makaburi ya zamani. Wenyeji huyataja kwa majina: Sheikh Ali Omar, ambaye husemwa alikuwa na mkono mmoja, Sayyid Abdalla Said bin Sharif, ambaye husemwa alikuwa na mguu mmoja, na Mwana bint Mmadi pamoja na mwanawe, Mfaume Ali Omar. Jiwe la ndani limetupa mwanamume, baba yake na babu yake. Makaburi ya nje, kwa ulimi wa wenyeji, yametupa mwanamke na mtoto wake.

Ukoo wa pande mbili

Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Watu wa kusini mwa Unguja, ambao katika vitabu huitwa Wahadimu, walikuwa na utaratibu wao wa kuishi kabla ya serikali ya kisultani na hata chini yake. Jina lenyewe, lenye asili ya Kiarabu na maana ya watumishi, wengi wao hawalipendi. Hujiita Washirazi, au kwa jina la mji wao tu. Kiongozi wao mkubwa alikuwa Mwinyi Mkuu, na wa mwisho aliyetambuliwa kwa cheo hicho alifariki mwaka 1873. Vijijini, mambo ya mji yaliamuliwa na wazee walioitwa Watu Wanne.

Katika desturi yao ya ardhi, mti na udongo ni vitu viwili. Aliyepanda mnazi ni mwenye mnazi, naye anaweza kuurithisha. Lakini kiambo kilichouzunguka ni cha ukoo, hakiuzwi kwa mgeni kwa matakwa ya mtu mmoja. Na ukoo huo huhesabiwa kwa upande wa baba na kwa upande wa mama pia. Mjukuu wa binti ana mahali pa kujenga kama alivyo mjukuu wa mtoto wa kiume.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja sisi tunaotunza nasaba zetu ughaibuni. Shajara zilizotundikwa kutani kwetu zinateremka kwa baba: fulani bin fulani, mpaka kufikia kabila la Omani au Hadhramaut. Mabibi wamo kama majina matupu, au hawamo kabisa, na pamoja nao umepotea mji waliotoka. Katika familia zetu yumo ambaye anajua wilaya ya babu wa saba huko Sharqiya, lakini hajui bibi mzaa mama yake alizaliwa kijiji gani cha Unguja. Kwa hesabu ya Muscat huyo hana habari na Kizimkazi au Makunduchi. Kwa hesabu ya kijiji huenda ni mtu wa kiambo.

Wazee wanaoweza kutaja makaburi, visima na viambo kwa majina wanapungua, huko na huku. Jiwe la Sheikh Musa limekaa zaidi ya miaka 900 na kwa rehema za Mwenyezi Mungu litaendelea kukaa. Kumbukumbu haina ukuta wa kuishikilia. Basi atakayejaaliwa kwenda Dimbani, avue viatu, aombe ruhusa ya wenyeji, aisome mihrabu. Kisha atoke nje akae na wazee kwa utulivu. Na kabla ya safari, aanzie kwake nyumbani: amuulize mama jina la mama yake, na la mama wa mama yake, na mji aliozaliwa kila mmoja, ayaandike pembeni mwa shajara ya baba.