Breki ya Umeme Haishindwi kwa Nguvu

Zamani askari dereva aliijua breki ya mkono kwa kuishika. Alivuta, akasikia meno yake yakilia, akajua gari limefungwa. Katika magari mengi ya leo mkono huo umeondolewa, na mahali pake pamewekwa swichi ndogo yenye herufi P. BMW 7 Series ya mwaka 2001 ilikuja na breki hiyo, na Subaru Legacy ya mwaka 2009 vilevile. Yafaa basi kila dereva wa jeshi na wa polisi ajue la kufanya breki hiyo inapokataa kuachia, kwani gari lililokwama langoni usiku haliwezi kumfikia anayeomba msaada.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Katika magari mengi, kila gurudumu la nyuma lina mota ndogo inayozungusha skrubu. Skrubu husukuma pistoni, nayo hubana pedi juu ya diski. Skrubu hiyo hairudi yenyewe. Umeme ukikatika, breki hubaki imefunga. Anayekanyaga mafuta kwa hasira, au kuita lori livute, huburuza magurudumu, huunguza pedi na kuongeza hasara.

Kabla ya kugusa chochote, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Breki ikiachia ghafla mteremkoni, gari halingoji amri, na aliye chini yake hana pa kukimbilia.

Sasa funga mlango na mkanda, washa swichi ya gari, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu, kisha tumia swichi ya P. Magari mengi hukataa kuachia mguu usipokuwa juu ya breki. Ikishindikana, pima betri. Iliyojaa na kutulia huonyesha karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12 ni dhaifu, basi chukua umeme kutoka gari jingine ujaribu tena. Halafu kagua fyuzi.

Sikiliza pia. Mota ikilia lakini gurudumu likabaki limeshikwa, huenda pedi zimeganda kwa kutu, hasa gari likiwa limelala siku nyingi kwenye unyevu. Kama uko mahali tambarare, ondoa kabari, usogeze gari taratibu mbele na nyuma. Mota isipolia kabisa, hitilafu yaweza kuwa katika mota, waya au swichi. Hiyo ni kazi ya makanika mwenye kompyuta ya kupimia. Wala pistoni isirudishwe kwa kubanwa kabla mota haijarudishwa na kompyuta hiyo. Meno yake yatavunjika.

Kinga ni nyepesi kuliko matengenezo. Betri ikaguliwe kwa ratiba, kitabu cha gari kisomwe, na kabari mbili zisikosekane kamwe ndani ya buti.