Kamati ya Kiswahili: Kutoka Ofisi ya Serikali hadi Chuo Kikuu

Aghalabu historia ya usanifishaji wa Kiswahili husimuliwa kwa kutaja mambo mawili: mkutano wa Mombasa wa Juni 1928, ambapo lahaja ya Kiunguja iliteuliwa kuwa msingi wa lugha sanifu, na kamusi za Frederick Johnson zilizochapishwa mwaka 1939. Baina ya hayo mawili, na baada yake, kuna mambo ambayo hupitwa haraka kana kwamba ni shughuli za makarani tu: ni nani walioketi katika Kamati, iliwajibika kwa nani, na ofisi yake ilikuwa wapi. Makala haya yanashikilia kwamba mambo hayo ya utawala ndiyo yaliyoamua, pengine zaidi ya nadharia yoyote ya isimu, ni kazi gani Kamati ingeweza kuifanya na ni ipi isingeweza.

Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa tarehe 1 Januari 1930. Wazo lake lilikuwa limekwisha kuzungumzwa tangu mkutano wa elimu ulioitishwa Dar es Salaam mwaka 1925 na Gavana wa Tanganyika, Sir Donald Cameron. Nchi nne zilishiriki, nazo ni Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Wakurugenzi wa elimu wa nchi hizo walikuwa wajumbe kwa vyeo vyao, na pamoja nao waliketi maafisa wengine na wamishonari. Johnson alikuwa katibu wa kwanza, na ofisi yake ilikuwa Dar es Salaam.

Yafaa muundo huu uangaliwe kwa makini. Chombo ambacho wajumbe wake wakuu ni wakurugenzi wa elimu ni chombo cha shule, si cha lugha. Madhumuni ya Kamati yanathibitisha hayo: kusawazisha tahajia, kuhakikisha kwamba maneno ya zamani na mapya yanatumiwa kwa namna moja, kuleta ulinganifu wa sarufi kwa njia ya vitabu vya shule, kusahihisha vitabu vilivyokuwapo, kusimamia tafsiri, na kuwatia moyo waandishi wenyeji wa lugha. Katika orodha hiyo yote utafiti hauna mahali pake pa peke yake. Kilichotakiwa ni kitabu kimoja kiweze kusomwa Kisumu, Tabora na Unguja bila ya kuchapishwa mara tatu, na hilo lilikuwa suala la bajeti kabla ya kuwa suala la fonolojia.

Nguvu ya Kamati ilikuwa katika ithibati yake. Kitabu cha shule kilipelekwa kwa wasomaji wa Kamati, kikasahihishwa, na kilipokubaliwa kikachapishwa kikiwa na idhini yake. Bila ya idhini hiyo kitabu kilikuwa na matumaini madogo ya kuingia darasani, kwani walioitoa ndio hao hao walionunua vitabu kwa ajili ya shule. Hapana chombo cha Kiswahili kilichopata kuwa na mamlaka ya namna hiyo juu ya kalamu za watu tangu wakati huo, na huenda ni heri. Mamlaka hayo yaliharakisha kazi, hilo halina ubishi. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1935, na zile mbili za Kiswahili na Kiingereza, ambazo msingi wake ni kazi ya A. C. Madan, zikatoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya Johnson kufariki. Lakini mamlaka hayo yalikuwa mikononi mwa watu ambao karibu wote walijifunza Kiswahili ukubwani. Katika miaka ya mwanzo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja miongoni mwa wajumbe. Ni katika miaka ya 1940 tu ndipo Waafrika walipoanza kuketi katika mikutano. Baadaye Shaaban Robert naye alikuwa mjumbe, lakini wakati huo tahajia na kamusi zilikuwa zimekwisha kukatwa na kushonwa.

Athari zake zaonekana wazi katika tahajia. Msemaji wa Kimvita hutofautisha paa, mnyama wa mwituni, na paa la nyumba kwa mpumuo wa sauti ya kwanza. Kadhalika hutofautisha t inayotamkwa kwenye meno na ile inayotamkwa kwenye ufizi. Tahajia sanifu haikuonyesha tofauti hizo. Mtu aweza kuitetea kwa kusema kwamba tahajia ya shule haina budi kuwa nyepesi, na kwamba muktadha hutosha kumwongoza msomaji. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, ilikuwa rahisi kuikubali katika chumba ambamo hapakuwa na Mmvita wa kuipinga. Mombasa ilikuwa na ushairi ulioandikwa kwa karne nyingi, na kazi za Krapf na Taylor zilikuwa zimekwisha kuiweka lahaja yake mbele ya wataalamu wa Ulaya. Upande wa Unguja ulikuwa na Askofu Steere na misheni ya UMCA. Ushindani wa lahaja, kwa hiyo, ulikuwa kwa sehemu kubwa ushindani wa misheni mbili, na wenye lahaja waliletewa hukumu ikiwa imekwisha kuandikwa.

Mwaka 1942 ofisi ilihamia Nairobi, ikakaa huko miaka kumi. Lililo muhimu katika kipindi hicho ni kuanzishwa kwa East African Literature Bureau mwaka 1948. Shirika hilo lilichukua kazi ya kuwatafuta waandishi na kuchapisha vitabu, na kwa kufanya hivyo liliiondolea Kamati sehemu kubwa ya sababu ya kuwapo kwake. Chombo kingine kingevunjwa. Kamati ilipelekwa chuoni.

Kuhamia Makerere mwaka 1952 ndiko kuliko na maana kubwa kuliko mahamisho mengine yote, ingawa kwa mtazamo wa kwanza ni jambo la kushangaza: Kampala si mji wa Waswahili, na katika Buganda lugha hii haikupendwa. Lakini Makerere kulikuwa na chuo kikuu, na katibu wa miaka hiyo, W. H. Whiteley, alikuwa mwanaisimu. Mara kazi ikabadilika sura. Badala ya orodha za maneno yaliyoidhinishwa, zikaanza kutoka tenzi na hati: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, na maisha ya Tippu Tip kama alivyoyaandika mwenyewe. Kisha zikatoka chunguzi za lahaja. Whiteley aliandika juu ya Kimtang'ata mwaka 1956 na juu ya lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958, H. E. Lambert, aliyekuwa afisa wa utawala katika Kenya, aliandika juu ya Kivumba mwaka 1957, na mwaka uliofuata juu ya Chichifundi, na pia juu ya Chijomvu na Kingare. Yaani Kamati iliyoundwa ili lahaja moja ichukue nafasi ya nyingine zote shuleni ndiyo iliyokuja kuziandika hizo nyingine kabla hazijasahauliwa. Vitabu hivyo vyembamba, vilivyochapishwa Kampala, hata leo ni vigumu kuvikwepa kwa yeyote anayechunguza Kiswahili cha pwani ya kusini ya Kenya.

Jarida la Kamati nalo lilifuata mkondo huo huo. Lilianza kama taarifa ya mambo ya ofisi na maswali ya wasahihishaji, likapanuka kuwa jarida la kitaalamu, likaitwa Swahili mwaka 1959, na tangu 1970 linaitwa Kiswahili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ofisi ilikaa Mombasa kwa muda mfupi. Laiti ingebaki hapo! Mwaka 1964 Kamati iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, ikawa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, ambacho baadaye kiliitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika mwaka 1970, kila nchi ilibaki na kilichokuwa katika ardhi yake. Tanzania ilibaki na jarida, hati zilizokusanywa na J. W. T. Allen, pamoja na mradi uliozaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Mwaka huo huo wa 1970 Idara ya Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam. Ikawa idara ikifundisha na taasisi ikichunguza, hadi zilipounganishwa mwaka 2009 kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kazi ya kuidhinisha istilahi ilikuwa imekwisha kukabidhiwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Mamlaka na utafiti, ambavyo Johnson alikuwa navyo katika meza moja, vikawa katika nyumba mbili.

Kenya ilitoka katika mgawanyo huo mikono mitupu. Ilikuwa imechangia Kamati kwa miaka thelathini na zaidi, na ofisi ilikuwa imekaa katika ardhi yake mara mbili. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, hapakuwa na baraza la taifa la kuwapa walimu istilahi. Pengo hilo lilijazwa na waandishi wa vitabu vya kiada, watangazaji na watahini, kila mmoja kwa busara yake. Ndiyo maana mwanafunzi wa Kenya huandika tarakilishi mahali ambapo mwenzake wa Tanzania huandika kompyuta, na mtahini wa upande huu anaweza kumpunguzia alama mtoto aliyetumia neno la upande ule. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar na iliyoanza kazi mwaka 2015, imerudisha meza ya pamoja. Lakini yenyewe ni chombo cha serikali, kama ilivyokuwa Kamati mwaka 1930, na kazi ya kwenda Vanga na Wasini kusikiliza namna watu wanavyosema leo, zaidi ya miaka sitini baada ya Lambert, imeachiwa idara za vyuo vikuu.