Kompyuta Iliyosahau Utambulisho Wake

Wanangu, wengi wenu mmeitazama filamu ya Toy Story, ile ya Woody mchunga ng'ombe na Buzz anayejiona mwanaanga wa kweli. Ilitoka Marekani mwezi Novemba 1995, nayo ndiyo filamu ndefu ya kwanza duniani kutengenezwa yote kwa kompyuta. Leo nawasimulia habari za kompyuta zilizozichora picha zake, na jinsi fundi mwenye subira anavyoweza kuifufua moja iliyozeeka.

Jina lake ni SPARCstation 20. Iliundwa na kampuni ya Sun Microsystems ya California, ikaingia sokoni mwaka 1994. Ni sanduku bapa: upana na kina chake ni kama sentimita 40, na kimo hakifiki sentimita 8. Ukiiona hutaidhania kuwa na nguvu. Lakini ifungue: kwenye bodi kuu kuna nafasi mbili za kupachika kadi za prosesa, wakati ambapo kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na prosesa moja tu. Kampuni ya Pixar ilizitumia 117 kuchora Toy Story. Kati ya hizo, 87 zilikuwa na prosesa mbili mbili, na 30 zilikuwa na nne nne, mbili kwa kila kadi.

Kwa nini mbili? Fikirini wanawake wawili wanaotwanga mpunga kwenye kinu kimoja. Mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka. Kazi inakwenda mbio, lakini sharti wapokezane, maana wakishusha kwa pamoja michi itagongana. Prosesa mbili za mashine hii nazo zinachota kwenye kumbukumbu moja, kwa kupitia njia moja, na mfumo endeshi ndio unaozigawia kazi. Ndiyo maana prosesa mbili hazimalizi kila kazi kwa nusu ya muda: kuna wakati moja inasubiri nyingine ipishe.

Kazi ya Pixar, hata hivyo, iligawanyika vizuri mno. Pigeni hesabu nami. Sekunde moja ya filamu ni picha 24, kwa hiyo dakika moja ni picha 1,440, na filamu nzima ilizidi picha 110,000. Picha moja iliweza kuchukua saa kadhaa kukamilika, lakini haikuhitaji kuingoja jirani yake. Kila prosesa ikapewa picha yake, zikachora usiku na mchana.

Sasa tuseme mmeikuta mashine ya aina hii stoo, imekaa miaka mingi. Msiichomeke kwenye umeme kwanza. Ondoeni kifuniko, futeni vumbi kwa brashi laini, kisha zungusheni feni kwa kidole muone kama zimekwama. Kisanduku cha umeme mwachieni fundi mkubwa, kwa sababu kapasita za ndani zinaweza kuhifadhi umeme hata waya ukiwa umechomolewa. Kisha punguzeni vitu: chomoeni prosesa moja, acheni moja na kumbukumbu kidogo tu. Vitu vikiwa vichache, hitilafu haina pa kujificha.

Hata skrini yake si lazima. Isipoona kibodi, inazungumza kupitia tundu lake la siriali, nawe unaisoma kwenye kompyuta nyingine kwa kebo. Ukiiwasha, huenda ikajibu kwamba maelezo ya utambulisho wake si sahihi. Anwani yake ya mtandao imepotea, na saa yake haiaminiki. Watu wengi wakifika hapo husema imekufa, wakaitupa. Wanakosea, na kosa hilo limeziangamiza mashine nyingi nzuri.

Tazameni bodi kwa makini. Kuna chipu moja nene kuliko wenzake, yenye pini 28, na mgongo mweusi ulioinuka. Ndani ya mgongo huo wamefungia betri ndogo ya lithiamu kwa gundi iliyoganda ngumu. Betri hiyo ndiyo iliyolinda saa na utambulisho wa mashine kila ilipozimwa. Baada ya miaka kumi au zaidi inaisha, na kwa kuwa imefungiwa, huwezi kuibadilisha kama betri ya tochi.

Fundi anaing'oa chipu kwenye soketi yake polepole, pini zisipinde. Anavaa miwani na barakoa, kisha anakwangua gundi kwa tupa ndogo ubavuni, taratibu, hadi metali ing'ae. Hizo ni ndimi mbili za betri. Anazikata ili betri iliyokufa isinyonye nguvu ya mpya, bila kuitoboa yenyewe. Halafu analehemu nyaya mbili, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hadi kwenye kishikio cha betri bapa ya volti 3, aina ya CR2032. Siku betri hiyo ikiisha, kuibadilisha ni kazi ya dakika moja.

Chipu ikirudi, mashine inaandika herufi mbili tu: ok. Maana yake ni kwamba inasubiri amri. Hapo fundi anaiandikia upya utambulisho wake, baiti baada ya baiti. Baiti ya mwisho inakokotolewa kutokana na zote zilizotangulia, ili mashine ijue kama kuna iliyokosewa. Ikikubali, rudisheni prosesa ya pili, iwe ya aina moja na ya kwanza, na mhakikishe feni zinapuliza vizuri, kwani mbili zikikaa kwenye sanduku jembamba joto hupanda. Wekeni mfumo endeshi kama NetBSD, unaozitambua prosesa zote mbili, na mashine itarudi kazini.

Kompyuta za kawaida nazo zina betri ya namna hiyohiyo. Mkikuta ya shuleni inarudisha tarehe nyuma miaka mingi kila ikiwashwa, msiharakishe kuiita mbovu. Mwombeni mwalimu ifunguliwe, na mwanze na betri.