Kontroli ya pampu: soko linalouza spea bila kipimo

Mwenye Crown, Mark X au Forester jijini Dar es Salaam anaijua hali hii. Asubuhi gari linawaka bila tabu. Likipata joto kwenye foleni linakosa nguvu, linashtukashtuka, kisha linazima. Likipoa linawaka tena. Fundi akichomeka mashine anasoma kwamba presha ya mafuta iko chini, na kabla jua halijazama mwenye gari yuko Kariakoo au Ilala akiulizia kontroli ya pampu ya mafuta. Magari yanayotumia kifaa hicho yamekuwa mengi na yamezeeka, na maduka ya spea za umeme yamepata bidhaa ambayo haikosi mteja.

Mzigo unaingia kwa njia tatu. Kuna mtumba wa Japani, kontroli zilizochomolewa kwenye magari yaliyokatwa na kupakiwa konteina moja na injini, taa na milango. Kuna mzigo wa Sharjah, ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hununua kidogokidogo na kusafirisha kwa kuchangia konteina. Na kuna mpya za China, zikiwa kwenye boksi safi, nyingine imara, nyingine za kuigiza tu. Wauzaji husifu zaidi mtumba wa Japani kuliko mpya isiyojulikana ilikotengenezwa. Lakini kontroli ya mtumba haina historia. Aliyeichomoa hajui imefanya kazi miaka mingapi, na anayeinunua hawezi kujua kwa kuitazama.

Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, mwenye duka la spea za umeme wa magari na aliyeomba asitajwe jina, anasema hakuna spea inayomgombanisha na wateja kama hii. Anauza kontroli yenye namba ileile iliyokuwa kwenye gari, tena iliyotoka Japani. Baada ya siku chache mteja anarudi nayo imeungua, akiongozana na fundi anayeapa kwamba ilikuwa mbovu tangu dukani. Akiuliza kama pampu iliyomo ndani ya tangi ilipimwa, jibu ni hapana. Akiuliza kama filta ilikaguliwa, jibu ni hilohilo. Zamani alikuwa anabadilisha ili asimpoteze mteja. Alipoona mtaji unakwisha, akaandika kwenye risiti kama walivyoandika jirani zake: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi.

Malalamiko yake hayaishii hapo. Anasema fundi anayemleta mteja hudai cha juu, na asipopewa humpeleka mteja duka la pili. Kwa hiyo fundi ananufaika kontroli inaponunuliwa, na hanufaiki na chochote inapogundulika kwamba kosa lilikuwa waya uliooza. Anasema pia kwamba mawinga wanaozunguka barabarani wanauza kontroli ileile bila duka, bila risiti na bila kodi, wakati yeye anatoa risiti ya EFD na kubeba VAT ya asilimia 18, ambayo kwa mwenzake wa Kenya ni 16. Bandarini, anaongeza, konteina la mchanganyiko hukadiriwa thamani kwa namna ambayo mwenye mzigo hawezi kuitabiri, na hasara hiyo lazima aitafutie mahali kwenye bei. Mnunuzi wa mwisho ndiye anayeilipa.

Kuhusu kuungua, anachosema kina msingi wa kiufundi. Kontroli hupokea amri ya kompyuta ya injini na kuukatakata umeme wa betri kwa kasi kubwa, ili pampu izunguke taratibu gari likiwa limesimama na izunguke kwa nguvu zote dereva akikanyaga mafuta. Pampu nyingi za magari madogo ya petroli hutumia takribani ampea 4 hadi 8. Pampu iliyochoka, au inayosukuma mafuta kupitia filta iliyoziba, huvuta zaidi ya hapo, na kontroli ndiyo inayobeba mzigo huo hadi inashindwa. Ukiweka kontroli nyingine bila kugusa pampu, umenunua muda tu.

Si kila kontroli huuawa na pampu. Nchini Marekani, pikapu za Ford F-150 za 2004 hadi 2008 zilipata sifa mbaya kwa sababu kontroli yake ya alumini ilibanwa moja kwa moja kwenye chasisi ya chuma, juu ya tairi la akiba, ikaliwa na unyevu na chumvi ya barabarani. Magari tunayoletewa kutoka Japani yana historia zake za namna hiyo, na hakuna nyaraka ya mnada inayozieleza. Ndiyo maana kipimo ni cha lazima.

Na kipimo chenyewe hakina makuu. Kwenye Forester, kontroli iko nyuma, ubavuni mwa buti, chini ya plastiki. Fundi anafungua plastiki, anapima kama umeme wa betri unafika, anahakikisha waya wa bodi umeshika vizuri, kisha anauzungushia waya wa pampu mita ya klampu na kusoma ampea injini ikiwa ya moto. Umeme na amri ya kompyuta vikiingia lakini umeme hautoki kwenda kwenye pampu, kontroli imekufa. Umeme ukitoka huku ampea zimepanda, pampu ndiyo ya kushukiwa kwanza. Halafu anasoma namba iliyoandikwa kwenye kontroli, kwa sababu soketi kuingia sawasawa hakuthibitishi kwamba kifaa ni cha gari hilo. Kazi yote haimalizi saa moja.

Tatizo ni kwamba saa hiyo haina mlipaji. Mteja amezoea kulipia spea na kufungiwa. Akiambiwa alipie kupima, anahisi anaibiwa. Fundi aliyenunua mita na mashine ya kusoma makosa anarudishiwa gharama zake kupitia cha juu cha spea, basi atapendekeza spea. Muuzaji hana dhamana kutoka kwa aliyemuuzia, basi haitoi kwa anayemuuzia. Kila mmoja kwenye mnyororo anakwepa hasara kwa kuisukuma mbele, na wa mwisho ni dereva wa teksi mtandao ambaye gari likilala siku mbili marejesho ya mkopo hayalali.

Maofisa wana maelezo yenye matumaini zaidi. Ofisa mmoja anayehusika na ukaguzi wa bidhaa, ambaye hakuruhusiwa kuzungumza kwa niaba ya ofisi yake, anasema spea feki zimepungua kutokana na utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka, uliopo Tanzania tangu 2012. Huenda ni kweli kwa mzigo wa jumla wa waagizaji wakubwa. Ni vigumu kuona utaratibu huo unavyoifikia kontroli moja iliyomo kwenye konteina la spea zilizochanganywa, au ile iliyokuja kwenye begi la msafiri. Alipoulizwa ni kontroli ngapi huwekwa kwenye umeme na kujaribiwa, alirudi kuzungumzia vyeti.

Hali ni hiyohiyo kwa mafuta, ambayo mafundi huyataja kama chanzo cha pampu kuchoka. Vinasaba vilianza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji na ukwepaji kodi, na maofisa husema vimefanya kazi. Mafundi wanaofungua matangi wanasema maji na tope bado wanavikuta. Kauli hizo mbili zinaweza kuwa za kweli kwa pamoja: vinasaba huonyesha mafuta yaliyochanganywa, lakini haviondoi maji na kutu kwenye tangi la kituo.

Ugumu wa bei umezaa njia ya mkato ambayo inapaswa kuwatia hofu wamiliki wa magari. Baadhi ya mafundi huiondoa kontroli kabisa na kuunga pampu moja kwa moja kwenye umeme wa swichi. Gari linatembea na mteja anashukuru. Lakini pampu sasa inazunguka kwa nguvu zote muda wote, inapata joto na kuisha mapema. Kubwa zaidi, kompyuta haiwezi tena kuizima pampu pale injini inaposimama ghafla. Gari likipata ajali na bomba la mafuta likapasuka, pampu itaendelea kumwaga petroli mpaka mtu azime swichi. Akiba ya leo hailingani na hatari hiyo.

Mbele, mahitaji yanaelekea kuongezeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu lakini inalitoza ushuru zaidi gari kuukuu, na wanunuzi wengi bado wanaliona la bei nafuu. Magari hayo yanakuja na vifaa vya umeme vilivyokwishatumika nusu ya maisha yake. Kama bei zitashuka kwa kuongezeka kwa mpya za China ni jambo ambalo wauzaji hawakubaliani, na kama ukaguzi bandarini utasaidia ni jambo ambalo mfanyabiashara wetu wa Kariakoo halitegemei. Yeye anafikiria kurudisha dhamana ya mwezi mmoja, kwa sharti moja: fundi alete picha ya kipimo cha ampea za pampu kabla ya kufunga. Anahofia duka la jirani litauza bila sharti na kumchukulia wateja, na hofu hiyo ina msingi. Lakini hadi wateja wakubali kulipia kupima kama wanavyolipia spea, wataendelea kununua kontroli mbili kwa tatizo la pampu moja.