Namba kwenye kioo cha risiva

Shemeji yangu wa Tabata alinipigia simu Jumamosi saa moja asubuhi, saa ambayo mtu mzima hupiga simu kwa msiba au kwa deni. Msiba haukuwepo. "Shem, nimepigwa," alisema. Alikuwa amenunua albamu ya jazi mtandaoni, ya kilohezi 96 na biti 24, karibu gigabaiti nzima ya bando imeteketea katika kuipakua, ameifungua kwenye kompyuta yake ya Windows iliyounganishwa na risiva, na kioo cha risiva kikaandika 48. "Nimelipia 96, naletewa 48. Nusu kabisa!"

Nikisema risiva sina maana ya ile ya dishi. Nazungumzia lile boksi zito la hom thieta linalokaa chini ya runinga, likipokea sauti na picha kutoka kila kifaa sebuleni, likazikuza sauti na kuzigawa kwenye spika tano au saba pamoja na sabufa. La shemeji ni la mtumba, na bahati yake lilitengenezwa kwa soko la Ulaya. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani hutumia volti 100, ya Marekani volti 120. Ukichomeka la huko kwenye ukuta wetu wa volti 230 bila transfoma, utausikia mlio mmoja tu, halafu harufu. Anayetaka kununua aligeuze boksi asome kibati cha nyuma kabla hajauliza bei.

Nilimaliza chai, nikaenda.

Hizo namba zenyewe si uchawi. Ili sauti ikae ndani ya kompyuta hupimwa mara nyingi sana kila sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. CD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982, ina sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani kilohezi 44.1, kila sampuli ikiandikwa kwa biti 16. Namba ya ajabu, 44,100. Kwa nini isiwe 40,000 au 50,000 tukaelewana? Ni kwa sababu miaka ile chombo kilichokuwa na nafasi ya kubeba data nyingi hivyo kwa bei ya kuvumilika kilikuwa mkanda wa video, na wahandisi wakaificha sauti ndani ya mistari ya picha: sampuli tatu kila mstari, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Zidisha. Kwa video za Ulaya ilikuwa mistari 294, mara 50, na jibu ni lile lile. Kila CD iliyowahi kuchezwa duniani ina mzimu wa runinga ndani yake.

Sampuli 44,100 zinatosha kurekodi sauti hadi hezi 22,050, yaani nusu yake, na sikio la kijana mzima huishia kama 20,000. Shemeji ana miaka hamsini na kitu, kwa hiyo tuache hapo. Kilohezi 96 huongeza sampuli zaidi ya maradufu, na biti 24 hupanua nafasi kati ya mnong'ono na ukelele, kwa hesabu za karatasi, kutoka desibeli 96 hadi 144. Gharama yake ni uzito. CD hutiririsha biti milioni 1.4 kila sekunde, faili lile la jazi milioni 4.6, na likiwa la kilohezi 192, milioni 9.2. Ndiyo maana aliponiuliza kwa nini tusitumie tu Bluetooth, nilicheka. Bluetooth ya kawaida hupitisha biti kama laki tatu na ushee kwa sekunde. Hata LDAC, ile ya Sony inayosifiwa, kikomo chake ni 990,000. FLAC hulibana faili bila kupoteza kitu, huenda likabaki na asilimia 60 ya uzito wake, lakini hailibani kiasi cha kupenya hapo.

Mtuhumiwa wa kwanza nilimwona nilipovua viatu tu. Waya wa HDMI ulitoka kwenye kompyuta ukaingia kwenye runinga, na waya mwembamba wa mwanga ukatoka kwenye runinga ukaenda kwenye risiva. Hapo runinga imefanywa tarishi, na runinga ni tarishi anayefungua barua. Nyingi hupokea sauti ya aina yoyote, huishusha hadi kilohezi 48, ndipo huitoa nje. Wala hazina ubaya, kwani 48 ndicho kipimo cha sauti ya video kila mahali. Nikachomoa. Kompyuta iende moja kwa moja kwenye risiva, na risiva ndiyo iipelekee runinga picha.

Huo waya wa mwanga nauheshimu lakini. Toshiba waliubuni mwaka 1983 kwa ajili ya mashine zao za CD, jina lake TOSLINK, na ndani yake hamna umeme, ni taa nyekundu tu inayowaka na kuzimika. Kwa kuwa haupitishi umeme, ule mngurumo wa "mmmm" unaoingia kwenye spika pale vifaa viwili vinapogombania ethi hauna pa kupita. Nyumba ambazo nusu ya soketi hazina ethi ya kweli zinajua ninachosema. Udhaifu wake ni nafasi: hubeba njia mbili za sauti isiyobanwa, kwa kawaida hadi kilohezi 96, au sauti ya sinema ya njia sita iliyobanwa vikali. Mimi nyumbani natumia huo, kutoka kompyuta ya zamani ya Apple, zile ambazo tundu la hedifoni likitazamwa vizuri lina mwanga mwekundu ndani. Na nitakiri hapa kwamba siku ya kwanza nilihangaika saa nzima nikilaani risiva, waya na muuzaji wa waya, kabla sijagundua kuwa sikuwa nimevua vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha.

HDMI ni mnyama mwingine. Ilitoka mwishoni mwa 2002, na tangu toleo la kwanza iliweza kubeba njia nane za sauti, biti 24, hadi kilohezi 192. Tatizo lake ni kwamba iliundwa kwa ajili ya picha, na sauti husafiri kama abiria wa kubebwa, ikijibana kwenye mapengo kati ya mistari ya picha. Picha isipokwenda, sauti haina gari. Kwa hiyo kompyuta huiona risiva kama skrini ya pili. Risiva huitumia kitambulisho: mimi ni skrini ya ukubwa huu, napokea njia kadhaa za sauti, kwa vipimo hivi na hivi. Kompyuta ikishasoma, hufungua njia ya sauti kupitia kadi ya picha, siyo kadi ya sauti, ndiyo maana kwenye orodha ya spika unakuta jina la NVIDIA au Intel badala ya jina la spika.

Basi siku ile kishale cha mausi kilipotea. Shemeji alizungusha mausi mezani mpaka mkono ukachoka. Kishale kilikuwa kimevuka ukingo wa skrini na kwenda kutembea kwenye skrini ya risiva, ambayo haikuonekana kwa sababu runinga ilikuwa imezimwa. Tukaipanga kompyuta irudie picha ile ile kote kuwili, kishale kikarudi nyumbani. Jambo jingine: ukizima risiva, kompyuta huona skrini imeondoka, na sauti hukimbilia kwenye spika zake ndogo. Washa risiva kwanza, ndipo ufungue muziki.

Tukacheza tena. Kioo: 48.

"Unaona?" alisema, kana kwamba mimi ndiye niliyemuuzia.

Mtuhumiwa wa pili yumo ndani ya Windows, na ndiye mkubwa. Kompyuta inaweza kuwa na muziki, filamu iliyosimamishwa, na ujumbe wa WhatsApp unaoingia, vyote vikitaka spika zile zile kwa wakati mmoja. Windows huvipika katika sufuria moja, na sufuria hiyo ina kipimo kimoja kilichowekwa kwenye mipangilio, mara nyingi 48. Muziki wa 44.1 hupandishwa, wa 96 hushushwa, kisha vyote vinachanganywa na kupelekwa. Hakuna onyo lolote. Kompyuta haijaharibika wala haikudanganyi. Inafanya kazi ya mama wa nyumba yenye wageni wengi.

Dawa ziko mbili. Unaweza kwenda kwenye mipangilio ya sauti, ukachagua kifaa cha HDMI, ukaweka biti 24 na 96,000. Sawa, ila sasa kila kitu kitapandishwa 96, hata tangazo la redio, na ukicheza CD yako ya 44.1 itapindishwa pia. Dawa ya pili ni kumtoa mpishi jikoni. Tangu Windows Vista kuna mlango unaoitwa WASAPI, ambao huiruhusu programu moja kukimiliki kifaa cha sauti peke yake, na sampuli zikapita kama zilivyo. Programu ya bure ya foobar2000 inaujua mlango huo. Kwenye Mac unafungua Audio MIDI Setup na kuchagua kipimo kwa mkono. Kwenye Linux unaipeleka sauti moja kwa moja kwa ALSA, na anayetumia Linux hahitaji kuambiwa hilo na gazeti.

Nikabadilisha. Risiva ikanyamaza nusu sekunde, na kioo kikaandika 96. Shemeji alipiga makofi. Dada yangu akatoka jikoni kuuliza goli la nani.

Ningeweza kuaga hapo nikala pilau langu kwa amani, lakini nina ulimi. Nikamwambia kwamba mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walilinganisha sauti ya ubora wa juu na sauti hiyo hiyo iliyopitishwa kwenye kipimo cha CD. Katika majaribio 554 walipatia 276. Ukirusha sarafu hewani utapata hayo hayo. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 za namna hiyo, jumla ikawa asilimia 52.3. Tofauti ipo, kwa mujibu wake, ila ni ya kutafutwa kwa tochi.

"Hao hawana masikio," akasema shemeji.

Dada akateuliwa mwamuzi. Tulitengeneza nakala ya CD kutoka faili lile lile la 96, naye akawa anacheza moja au nyingine bila kusema ipi. Raundi ya kwanza shemeji alipatia zote, nikashtuka, mpaka nilipoona macho yake: alikuwa akisoma kioo cha risiva. Tukakifunika kwa kanga. Akaendelea kupatia, kwa sababu risiva hunyamaza kidogo kila kipimo kinapobadilika. Ikabidi nakala ya CD niipandishe tena hadi 96, ili mafaili yote mawili yavae sare moja ingawa moja lilikwishapoteza sampuli zake njiani. Hapo, kati ya mara 12, alipatia saba.

"Saba ni nyingi kuliko sita," alisema, na hesabu yake haikuwa na kosa.

Kuna wanaouza mafaili yaliyopikwa hivyo hivyo, ya CD yaliyopandishwa na kupewa bei ya 96. Programu ya bure ya Spek huchora ramani ya sauti, na ukiona mchoro umekatwa kwa mlalo kama dari kwenye kilohezi 22, ujue umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Na kuna muziki ambao hauhitaji ukubwa huo kwa asili yake. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwenye sahani za santuri, na kwenye masafa yale ya juu kabisa sahani zile hazina lolote zaidi ya mkwaruzo. Kumtuma Siti kwa kilohezi 192 ni kukodi lori la tangi kupeleka ndoo ya maji.

Kilichobadilisha muziki siku ile kilikuwa kitu kingine. Risiva ilikuja na maikrofoni ndogo ambayo shemeji alikuwa hajawahi kuifungua. Sebule yake ina sakafu ya vigae, dari ya jipsamu, na sabufa iliyosukumwa pembeni ambako besi hujaa na kuvuma kama lori linalopanda mlima. Tuliiweka maikrofoni pale anapokaa, risiva ikapiga milio yake kwenye kila spika, ikajipima na kujirekebisha. Tulipocheza tena, gitaa la besi lilikuwa na nyuzi. Zamani lilikuwa ngurumo. Dada alisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka wimbo ukaisha.

"Hiyo ndiyo 96!" shemeji alisema.

Nikamweleza, na najuta. Risiva nyingi hazina akili ya kutosha kufanya hesabu hizo za kurekebisha chumba kwa kilohezi 96. Huishusha sauti hadi 48 kwanza, hurekebisha, ndipo huikuza. Kioo huonyesha kilichoingia mlangoni. Kinachofika kwenye spika ni habari nyingine.

Alinitazama kwa muda. "Haina namna ya kuizuia?"

Ipo. Kuna kitufe cha njia ya moja kwa moja, kinachozima marekebisho yote na kila kitu kisichohusika na muziki ili sauti ipite ilivyo. Nikakibonyeza. Besi ikarudi kuvuma pembeni, na risiva, kwa kuwa kioo chake nacho si muziki, ikakizima pia.

Shemeji alichuchumaa mbele ya ule weusi, akawasha tochi ya simu, akamulika. "Shem," alisema, "sasa nitajuaje?"