Arizona: Masharti kwa anayetaka kuhudumia wenye ulemavu wa akili

Wakimbizi kutoka Kongo ni miongoni mwa makundi makubwa yaliyopokelewa Marekani katika miaka kumi iliyopita. Katika jimbo la Arizona, wanaoishi Phoenix na Tucson husikia mapema kwamba kuna kazi ya kuhudumia watu wenye ulemavu majumbani, na kwamba diploma ya chuo kikuu haihitajiki. Ni kweli. Lakini mlango wa kazi hiyo una walinzi.

Huduma yenyewe inaitwa habilitesheni. Si kumuogesha mtu na kumlisha tu. Ni kumfundisha stadi ambazo hajawahi kuwa nazo: kuvaa shati, kuvuka barabara, kuhesabu chenji, kusema anachotaka. Wanaohudumiwa ni watu wenye usonji, mtindio wa ubongo, kifafa au ulemavu wa akili ulioanza kabla ya miaka 18. Serikali hulipa kupitia bima ya umma, Medicaid, na kila somo lazima litoke katika mpango ulioandikwa pamoja na mhusika au familia yake. Mhudumu huandika ripoti ya maendeleo. Asiyeweza kuonyesha alichofundisha amekaa tu na mtu.

Mhudumu awe ametimiza miaka 18. Ajifunze huduma ya kwanza na namna ya kumsaidia mtu ambaye moyo wake umesimama. Apate kadi ya kibali cha alama za vidole, inayotolewa baada ya polisi kuchunguza makosa yake ya zamani. Akitaka kutolea huduma nyumbani kwake, nyumba hukaguliwa usalama wake. Jamaa wa mtu mzima mwenye ulemavu anaweza kulipwa kwa kumhudumia ndugu yake, lakini naye hupita njia hiyo hiyo.

Sharti linalogusa zaidi ni mafunzo yanayojulikana kama Article 9, yaani sehemu ya kanuni za jimbo kuhusu namna ya kushughulikia tabia zisizofaa za wahudumiwa. Hapa ndipo mazoea ya malezi hugongana na sheria. Ni marufuku kumfungia mtu chumbani kwa ufunguo kwa sababu ya tabia yake. Ni marufuku kumfunga au kumshikilia kwa nguvu kama adhabu, au kumtia kitu kikali ili ajifunze kwa maumivu. Hata adhabu ya kupita kiasi imekatazwa: aliyemwaga maziwa halazimishwi kudeki nyumba nzima. Wako wazazi wema, Kongo na kwingineko, ambao wangeshangaa kusikia hivyo. Na mhudumu akishuku mateso, sheria inamlazimu kutoa taarifa. Kunyamaza kwa heshima ya bosi au familia ni kosa.

Hata hivyo, karatasi zina kikomo. Desemba 2018, mjini Phoenix, mwanamke mwenye ulemavu mkubwa alijifungua ndani ya kituo alichokuwa akitunzwa, na wahudumu hawakuwa wamegundua mimba. Aliyembaka alikuwa muuguzi mwenye leseni. Mwaka 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 10. Alama za vidole hufichua tu makosa ambayo polisi wanayajua tayari. Ndiyo maana familia zinashauriwa kufika bila taarifa, kusoma ripoti, na kumbadilisha mhudumu wasiyemwamini.